Ampli Nyepesi Siku ya Harusi ya Berna

Mimi ndiye niliyesimamisha harusi ya dada yangu mwenyewe, tena niliisimamisha bila kusema neno, nikiwa nimefumba macho na moyo umejaa raha. Nawaambia kwa kinywa changu kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hapa mtaani Katuba bado inasimuliwa, na kila anayeisimulia anaongeza chake (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, na siku ile sikuwa nimeonja hata soda).

Yote yalianza na mgongo. Napiga gitaa la besi katika kikundi chetu cha harusi na sherehe za parokia, na kwa miaka saba spika yangu ilikuwa sanduku moja ambalo seremala wa mtaani alinitengenezea kwa mbao nene za makreti yaliyoleta mashine kule mgodini Kinsevere, akatia ndani spika pana kama beseni la kufulia. Lilikuwa refu, jeusi, lina mishikio ya chuma ubavuni, na watu wawili wazima hawalifikishi barabarani bila kupumzika. Nikilipeleka kazini kwa mkokoteni nalifunika kitambaa kwa sababu ya vumbi, na zaidi ya mara moja nimeona wanaume wakivua kofia tukipita, na mama mmoja alifanya ishara ya msalaba akaniuliza polepole marehemu ni nani. (Nilimwambia ni mjomba. Nilikuwa nimechoka kueleza.)

Basi nikaanza kuota. Mimi ni mtu wa kuota, baba yangu husema ukimtuma Donat chumvi dukani atakuletea mawingu, na ndoto yangu wakati ule ilikuwa ampli ndogo ya kubeba kwa mkono mmoja, kama daktari na mkoba wake, niingie nayo ndani ya basi, niipakate, nitazame nje dirishani na mtu yeyote asinipe pole. Niliwauliza wapiga besi wote ninaowajua. Mmoja aliniambia nitafute ampli na spika katika kitu kimoja, kazi inakuwa rahisi. Mwingine akasema hapana, nunua kichwa, yaani mashine ya kukuza sauti, peke yake na sanduku la spika peke yake, kimoja kikifa kingine kinabaki. Katekista mmoja alikuwa anauza ya kitu kimoja, nikainyanyua, nikaitua palepale. Mpya zinazotoka upande wa Zambia zilikuwa nzuri kabisa, ila bei zake zilikuwa za watu wengine.

Mwishowe nikasikia kwamba kule chuoni Kasapa kuna mwanafunzi aliyemaliza masomo, anarudi kwao, anauza vyombo vyake vya muziki. Kichwa cha ampli kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha misale cha padri, na sanduku la spika halikuzidi kreti ya bia. Nikalinyanyua kwa vidole viwili. Akaliweka kwenye pembe ya chumba chake, chumba kidogo cha ukuta wa zege na kitanda cha chuma, nami nikakaa kitandani nikapiga uzi mnene wa juu. Jamani, kitanda kilitetemeka, vikombe vikalia mezani, jirani akagonga ukuta. Nikafumba macho. Nilijiona tayari nikishuka kwenye basi na mkoba wangu mkononi, mgongo umenyooka, upepo wa asubuhi shingoni.

Yule kijana alikuwa mtu wa haki, aliniuliza kama mdogo anavyomuuliza kaka yake, "Yaya, unapigiaka ndani ao inje?"

Nikamjibu, "Kila mahali." Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kuamka. Kumbe pembe ya chumba cha zege inaweza kumkuza hata mbu, na sisi tunapiga nje, uani, chini ya turubai, siku zote za Mungu. Ningesema tu tuitoe nje dakika mbili, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lile sanduku la zamani nikampa jirani yetu Mama Charlotte, anayekaanga maandazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alitandike kitambaa awe na meza. Baba yangu alipolikosa aliniuliza limekwenda wapi, nikamjibu huku nimeinama nakunja nyaya, akauliza tena, nikainua uso nikarudia. Akasema, "Bon," yaani haya basi, akaenda kuvuta kiti. Nilidhani ni mzee amekosa kikao chake tu, maana kila tulipofanya mazoezi uani alikuwa anakuja kukaa juu ya sanduku lile, mikono magotini, macho chini, mpaka tumalize.

Hapa nieleze kidogo juu ya Papa, ndivyo tunavyomwita baba. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, akigonga chuma tangu asubuhi mpaka jioni, na masikio yake yalibaki kulekule. Sote nyumbani tulijua yamechoka. Hatukujua yamechoka kiasi gani, kwa sababu Papa ni mjanja, anasoma midomo, anacheka wengine wakicheka, na akikosa neno anasema "Bon". Kukiri mbele za watu kwamba hasikii, afadhali umwambie atembee bila suruali.

Tena nieleze desturi yetu, maana mkasa wote uko hapo. Kwetu, sisi wa kaskazini mwa mkoa huu, baba hampeleki binti yake kwa wakwe kwa kutembea, anampeleka kwa kucheza: hatua mbili mbele, anangoja, hatua moja nyuma, watu waone kwamba anatoa na inamuuma. Mguu unafuata besi. Ngoma inapamba, gitaa linapamba, lakini mguu unafuata besi. Na baba akisimama katikati ya njia, ana maana yake: kuna kitu kilichoahidiwa hakijafika, naye hatakisema kwa kinywa, atasimama hapo mpaka wakwe wakumbuke wenyewe. Binti anaweza kurudishwa nyumbani kwa kusimama huko. Imewahi kutokea, kwa shangazi yetu, na mpaka leo hajaolewa.

Wakwe wetu walikuwa watu wa Kivu ya Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla, watu wa utaratibu, kila walichokileta wamekiandika kwenye karatasi. Kambale, bwana harusi, alikuwa kijana mpole wa shati jeupe. Waliambiwa habari za desturi yetu mapema, nao waliisoma kama mtihani.

Jumamosi ya harusi, mchana, jua lilikuwa laini, turubai la bluu linapumua na upepo, harufu ya kuku na vitunguu inatoka nyuma ya nyumba, nami nikaingia na mkoba wangu mkononi, mtu huru. Niliweka kile kisanduku juu ya kiti cha plastiki ili kisikike vizuri. Tukapiga wimbo wa kwanza, na mwimbaji wetu akageuka kunitazama. Nikaongeza sauti. Akageuka tena. Nikaongeza mpaka mwisho, na hapo kisanduku, kwa wepesi wake, kikaanza kutembea juu ya kiti, kidogo kidogo, kinaelekea ukingoni, ikabidi nikizuie kwa mguu, nikawa napiga besi ya harusi ya dada yangu nimesimama kwa mguu mmoja. Bado nilijiambia ni masikio yangu tu, sauti ipo, imekwenda mbele huko kwa watu.

Kisha Berna akatoka ameshikwa mkono na Papa. Nikamwona katika kitenge chake cha dhahabu, nikakumbuka alipokuwa ananifuata kila mahali na kandambili zangu miguuni, na machozi yakanilenga, nikafumba macho, nikapiga kama sijawahi kupiga. Niliota wazi kabisa. Niliona mguu wa Papa ukishuka juu ya kila sauti yangu, mbili mbele, moja nyuma, watu wote wanaelea. Sijui nilikaa huko muda gani. Kilichonirudisha ni ngoma kunyamaza.

Papa alikuwa amesimama katikati ya njia. Mguu mmoja mbele, uso mgumu, anatazama ardhi.

Papa mudogo Léon, mdogo wake Papa na msemaji wa ukoo, aliinuka bila haraka, akawaambia wakwe kwamba yeye hana la kuongeza, mkubwa amesimama, wao wenyewe wanajua. Mjomba wa Kambale akatoa karatasi yake, wakaisoma upya mbele ya watu wote: mbuzi wapo, blanketi ipo, jembe lipo, kitenge cha mama kipo. Akina shangazi zetu wakasema jembe halina mpini. Mpini ukatafutwa. Papa hakusogea. Ikasemwa labda ni koti, na yule mjomba, mtu mzima mwenye heshima zake, akavua koti lake mwenyewe akamvika Papa mabegani, naye Papa, kwa kuwa hakusikia hata neno moja, akasema asante. Basi ikawa hakika ni mambo ya nguo. Wakamletea kofia. Wakamletea mwavuli. Papa alisimama amevaa koti juu ya koti, kofia kichwani, mwavuli mkononi, anazidi kupata mali, na uso wake nikauona unaanza kuvunjika, nami bado nimesimama kwa mguu mmoja, nawaza wakwe hawa wana roho ya ubahili gani.

Berna ndiye aliyeacha mkono wa Papa akaja kwangu, pole pole, kitenge kinaburuta vumbi. Hakulia, alinong'ona tu.

"Donat, ile sanduku iko wapi?"

Nikamwambia nimempa Mama Charlotte.

"Papa anakusikiaka paka na miguu," akasema, yaani kwa miguu tu. "Haukujua? Miaka yote anakalaka pale juu, ulizani ni juu ya nini? Sasa eko pale, hajui mahali pa kutia muguu, na bantu banasema ananikatalia bwana. Donat, ntarudia nyumba kama shangazi."

Nilivua gitaa nikakimbia, na Kambale, ambaye hakuelewa chochote ila aliona mke wake amesema na mimi, akakimbia nyuma yangu. Mama Charlotte alikuwa anageuza maandazi. Nilimwambia ni juu ya Papa, akaondoa beseni lake bila kuuliza. Tukalibeba, mimi mbele, bwana harusi nyuma, mafuta yanamchirizika kwenye lile shati jeupe, kitambaa cha maandazi bado kimelifunika. Barabarani mwanaume mmoja akavua kofia. Sikushangaa, nilikwisha kuzoea. Ila nilisahau kwamba wakwe zetu hawakuwa wamelizoea sanduku lile, na tulipoingia uani tukiwa tunahema na mzigo ule mrefu mweusi umefunikwa kitambaa, shangazi zake Kambale walishika vichwa wakaanza kulia kilio cha msiba, mmoja akauliza ni nani, ni nani amekufa, na mjomba asiye na koti akakaa chini kabisa, juu ya udongo.

Tukalitua, nikachukua kipaza sauti. "Bakwe betu," nikasema, "hakuna mufu, na hakuna kitu kinakosa. Kosa ni yangu. Papa anafuataka besi, na mie nilileta besi yenye haina uzito."

Watu walicheka, si kidogo, tena walicheka wakinitazama mimi peke yangu, na hilo ndilo nililotaka. Nikalisimamisha sanduku juu ya ardhi tupu, nikachomoa waya kwenye kile kijisanduku, nikauchomeka humo. Kichwa kidogo cha misale, sanduku kubwa la makreti. Nikapiga sauti moja tu, ya chini kuliko zote, nikaiacha ilale.

Papa aliinua uso. Akaitazama miguu yake. Akainama, akavua viatu, akaviweka kando pamoja na kofia na mwavuli, akamnyooshea Berna mkono. Hatua mbili mbele. Akangoja. Moja nyuma. Safari hii sikufumba macho, niliutazama mguu wake mpaka ulipomfikisha dada yangu kwa watu wake.

Jioni, watu wakila, alikuja akakaa juu ya sanduku lake, bado amevaa koti la mkwe. Nikachuchumaa mbele yake ili anione midomo, nikamwomba msamaha. Aliupitisha mkono wake kwenye mbao, ukanuka mafuta ya maandazi.

"Mi nilizania ulijua," akasema. "Njo maana ulikuwa unaniachiaka nikae hapa."

Nikamwambia, "Ndiyo Papa, nilijua." Huo ndio uongo ulionichoma kuliko aibu yote ya mchana ule, maana nilikuwa namwachia kwa sababu tu viti vilikuwa vichache.

Sasa kichwa chepesi kinakaa mkobani, sanduku limerudi uani, Mama Charlotte amepata meza ya kweli, na mgongo unauma kama zamani. Mwenye kutaka ushauri wa ampli nitampa: bei aulize, uzito apime, halafu aitoe nje. Mimi naongeza langu moja. Juzi nilileta spika nyingine kuijaribu, nyepesi, nzuri, nikaiweka chini, Papa akaikalia, nikapiga, akangoja sana huku anatazama miguu yake, kisha akasema, "Bon." Nikairudisha kwa mwenyewe siku ileile.