Karani Ameandika Sina Wajukuu

Leo nimefukuza karani, halafu nikamkimbilia mimi mwenyewe.

Amekuja asubuhi hapa barazani pa duka, Thika, tunapolala tangu nyumba zetu zibomolewe. Anaandika wasio na nyumba, wapewe pa kulala.

"Cucu, wajukuu ni wangapi?" Na kidole juu ya vichwa vyao!

Nikamkemea. "Mama yako hakukufunza? Mtoto akihesabiwa anakufa. Shusha kidole!"

Akaandika, akaenda zake.

Mchana majina yakasomwa. Mimi: kitanda kimoja, watoto hakuna.

Nikamfuata mbio. "Na hawa?"

"Cucu, kwa kitabu hawapo."

Kitanda nimekataa. Sijalia.

Nimerudi barazani na hao wasiokuwepo. Wamemaliza uji wote.

Nyinyi jamaa zangu wa Ruiru mnaopata ujumbe huu, mngewahesabu?