Ribiti Niliyoipaka Rangi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposhindwa kuandika jina langu mwenyewe. Usicheke. Kuandika nilijua, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye maneno mengi, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Mtwara.

Baba yangu alikuwa fundi bati kule Ufukoni. Ndoo, mabirika, masanduku ya wanafunzi, vyote alivitengeneza yeye na mimi nikimsaidia. Sasa, mtaa wa Shangani alikuwako Mwalimu Gervas, mtu wa Mbeya, aliyefundisha ufundi wa vyuma shuleni, na nyuma ya nyumba yake alikuwa akijenga ndege. Ndege kweli, ya watu wawili, kwa mikono yake! Watu walimcheka. Baba aliiita "ndoo yenye mabawa". Lakini Mwalimu alipokuja kutafuta mtu anayejua nyundo, Baba huyohuyo akanisukuma mbele: "Mchukue Somoe. Ila akiruka nayo akapotea, utanijengea mwingine."

Mwalimu akaniahidi kiti cha pili siku ndege itakaporuka. Tungeizunguka rasi ya Msimbati, niuone mto Ruvuma unavyoingia baharini. Mimi, ambaye sikuwahi kwenda juu kuliko ngazi ya kuezekea! Nilikitaka kile kiti mpaka nikakiota.

Bati za bawa zilishikwa kwa ribiti, vile vijipini vya aluminiamu. Unakipitisha tunduni, mmoja anagonga kichwa, mwingine anashikilia kipande cha chuma upande wa pili, mkia unabonyea na kuzikaza bati. Ni kazi ya watu wawili. Mwalimu alikuwa amenionya nisigonge peke yangu yeye akiwa shuleni.

Nikagonga. Nilitaka arudi akute safu imekwisha, aseme binti huyu ni moto. Ribiti kumi na moja zikakaa vizuri. Ya kumi na mbili, chuma kikaniteleza, mkia ukalala upande. Basi nikafanya kama tulivyofanya nyumbani. Ribiti ya ndoo ikilala unaipiga mpaka ilingane na bati, unaziba kwa lehemu, maji hayavuji, mteja anashukuru. Nikaipiga. Ikawa bapa, ukingo ukapasuka. Nikachukua brashi nikaipaka rangi ya kijani, ile tuliyopaka bawa lote kwa ndani. Ukitazama haraka, safi kabisa.

Kesho yake asubuhi Mama Neema, mke wa Mwalimu, akaniletea uji. "Kunywa ushibe, Somoe," akasema, "wewe ndiye unayemshikia mume wangu mabawa." Lo! Uji ule nikauweka chini.

Mara akaja Mwalimu na kalamu ya wino. Ndiyo ilikuwa kawaida yake: kabla ya kufunga bawa, kila mmoja anaandika jina lake mwanzo wa safu aliyogonga, ndani kule, mahali ambapo hapataonekana tena. "Andika, binti, tufunge."

Mkono ukagoma. Nikaangalia kalamu, nikaangalia safu. Kusema ni kupoteza kiti changu, na kunyamaza ni kumrusha angani mume wa yule mama na bawa bovu.

"Mwalimu," nikasema, "kuna moja."

Akaikwangua rangi kwa ukucha. Akaupapasa ule ufa kwa kidole; bora angenipiga.

"Kosa la nyundo nalijua, hata mimi ninalo," akasema. "Hili la brashi ndilo limenichukiza, Somoe. Ungekaa pembeni yangu kule juu, unajua, na mimi sijui?"

Nikalia, mwanangu, nikalia vizuri tu. Akaningoja nimalize, kisha akanipeleka kwenye bawa la pili. Mle ndani mlikuwa na miduara mitatu ya wino mwekundu, na jina lake kando. "Hizi zangu. Mbili nilizitoa nikaweka mpya. Hii ya tatu imeinama kidogo tu. Nimeipima, inafaa, nimeiacha. Kuitoa kungeharibu tundu bure." Mwalimu mzima, anayazungushia makosa yake wino mwekundu!

"Na yangu?"

"Yako imepasuka, lazima itoke. Utaitoa wewe."

Nikaweka alama katikati ya kichwa, nikatoboa kwa keekee ndogo, kina cha kichwa tu, taratibu, maana tundu likipanuka bati lote lina kasoro. Kichwa kikatoka. Nikasukuma kijiti kilichobaki tunduni polepole, kikadondoka. Tundu likabaki duara lilelile! Tukaweka mpya, yeye nyundo, mimi chuma, ikakaa sawa kama kifungo cha shati. Nikapiga kigelegele. Mama Neema akatoka na mwiko mkononi, naye akapiga chake bila hata kuuliza kuna nini. Ndipo nikaandika jina langu, na ribiti ile nikaizungushia mduara mwekundu.

Wakaguzi wa ndege walikuja, wakakubali. Siku ya kuruka Baba alifika amevaa kanzu mpya, eti anapita tu. Na kiti cha pili, mwanangu, nilikikalia mimi! Juu ya Msimbati Mwalimu akawa anapiga kelele, "Tazama Ruvuma ile!" Mimi natazama bawa, nahesabu vichwa vya ribiti. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ipo. Imetulia. Hapo ndipo nilipoinua macho nikauona mto, maji ya udongo yakiingia kwenye bluu, nikapiga ukelele wa furaha hadi Mwalimu akadhani mlango umefunguka.

Basi nisikilize. Utakosea, hilo halina dawa. Ukikosea usizidishe nyundo, wala usikimbilie brashi. Mwite mwenzako mkatazame pamoja kama ni la kutoa au la kuacha, kisha weka jina lako hapo, bawa likiwa bado wazi.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na siku ukiharibu akupe ulimi mwepesi wa kusema "kuna moja". Na kila atakayekaa pembeni yako, amfikishe salama. Amina.