Mia na Ishirini kwa Themanini

Katika miaka ya themanini, chuo kikuu cha kule Uarabuni kilipokuwa kipya bado, sisi wanafunzi wa afya tulikuwa na Jumuiya ya Wanafunzi Bora. Wafanyabiashara fulani walitoa ufadhili wa kwenda kumalizia masomo ng'ambo, na majina yalipelekwa na jumuiya. Alama nzuri hazikutosha. Ilibidi uwe na saa za khidma, yaani kuwahudumia watu bure, na saa hizo zitiwe sahihi na mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa msichana wa darasa langu, wa mji wa Nizwa, na Kiarabu chake kilikuwa cha Nizwa hasa. Sisi Waarabu tuliozaliwa Unguja alitucheka kila tulipoteleza. "Wazinjibari mnaongea kama mnatafuna," alikuwa akisema. Nilimvumilia, maana ufadhili ule niliutaka sana.

Jumatano moja tulikwenda mji wa Ibra, kwenye soko la wanawake, kupima presha. Mashine ilikuwa imeachwa ndani ya gari siku mbili juani, na mpira wake umepasuka. Ukipampu, mshale ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukashuka. Nikasema tufunge turudi.

"Andika mia na ishirini kwa themanini," mwenyekiti alisema kwa Kiarabu. "Kila mtu atafurahi."

"Na mwenye presha?"

"Mwenye presha ana hospitali. Sisi tuna saa sita za kujaza."

Tukaandika namba hizo za presha nzuri, kila mwanamke kwenye kadi yake. Mwenzetu alikuwa na kamera, na kwa kuwa wanawake hawakutaka sura zao zipigwe picha, alipiga mikono: mkono wa Mbedui wenye hina, na juu yake vidole vyetu safi vimeshika kitambaa kisichopima kitu. Picha hizo zilikuwa za kupelekewa wafadhili.

Nilikwisha kuwaandikia wanawake kumi na mmoja alipokaa mbele yangu bibi mmoja mwenye kanga chini ya buibui.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wa kwetu." Akakunja mkono wa nguo. "Nipime vizuri. Vidonge vya presha vimenichosha, kutwa nakwenda chooni. Mwanangu wa kiume kasema, ikiwa sawa leo, n'taviacha."

Nikapampu ule upuuzi. Mkono wangu ulikwisha kuandika mia. Nikaiweka kalamu chini, nikainama, nikamwambia kwa Kiswahili polepole, kwa kuwa nilidhani siku ile hapana mwengine wa kunifahamu: "Bibi, mashine imekufa. Usiache vidonge. Nenda hospitali wakakupime."

"Na wewe, mbona unamtia bibi wa watu wasiwasi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Kiswahili cha mjini Unguja, kisafi kuliko changu. Nikageuka. Alikuwa mwenyekiti.

Alifumba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Loo, na wewe wa kwetu? Mtaa gani, mwanangu?"

"Sifahamu," akajibu kwa Kiarabu.

"Kiswahili kitamu hivyo, halafu hufahamu." Bibi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Haya, wewe ndiye mkubwa wao. Nimeze au nisimeze?"

Mwenyekiti akatazama kama wale wengine wanasikiliza. "Meza, bibi," akasema chini chini, kwa Kiswahili. Kisha akainua kichwa na kumwita kwa Kiarabu mwanamke aliyefuata, akamwandikia mia na ishirini kwa themanini.

Bibi aliniachia kadi yake mezani. "Hii mpe mwenyewe," akasema, akimwelekezea mwenyekiti kidevu, akaenda zake.

Nilidhani jina langu limekwisha. Likapita, la kwanza kwenye orodha, na mwenyekiti hakunicheka tena. Hatukuambiana kitu. Mimi sikumwambia mtu kwamba yeye ni wa Unguja kama sisi, yeye akatia sahihi saa zangu zote sita. Nikapanda ndege.

Wale wanawake kumi na mmoja nilikuwa nimewaandikia kwa mkono wangu. Kiarabu changu, kibovu vile, kilitosha kuwaambia kwamba mashine imekufa. Siku ile, alipoondoka bibi, wawili kati yao walikuwa bado sokoni, wananunua vitambaa hatua chache kutoka mezani kwangu, kadi zao zimo ndani ya vikapu. Mmoja alinipungia mkono. Nikampungia.