Mulei wa Zombe na Alama ya Kiilu

Vijana wa Zombe humjua Mulei mwana wa Kiilu kama mchonga mizinga ya nyuki, mtu wa maneno machache, mwenye goti la kulia lisilokunjika vizuri. Ni wachache wanaojua kwamba kwa miaka kumi na miwili mtu huyu alilipwa mshahara ili asimame juu ya maji.

Baba yake, mzee Kiilu, alikuwa na mizinga zaidi ya sitini, iliyotundikwa mitini kutoka Zombe hadi ukingo wa mto Thua. Kila mzinga ulikuwa na alama yake: mikato mitatu iliyosimama na mmoja uliolala chini yake. Alama hiyo haikuwa pambo. Aliyeiona porini alijua mzinga ni wa nani na hakuthubutu kuugusa. Asali iliuzwa kwa yeyote. Mzinga wenye alama haukuuzwa wala kutolewa nje ya nyumba hiyo. Tena mwana hakuirithi alama kwa kuzaliwa tu. Alichonga mzinga wake wa kwanza, akautundika pamoja na baba yake, ndipo baba akamshika mkono wenye patasi na kuichonga naye. Mutie, mwana mkubwa, alipewa yake mwaka 1962. Mulei alitazamiwa kupewa yake baada ya mvua za mwaka 1967.

Mvua hizo hazikumkuta nyumbani. Binamu yake alimwita Malindi kuchonga vinyago vya watalii, naye akaenda.

"Alama haiozi," Kiilu alimwambia wakati wa kuagana. "Rudi uichukue. Lakini usinifanye niipeleke kwa basi."

Huko Malindi, upepo wa kusi ulipovuma, Mulei aliwaona wageni wa hoteli wakilala juu ya mbao ndefu, wakingoja wimbi, kisha wakisimama na kuteleza nalo hadi ufukweni. Mara ya kwanza alicheka. Nyumbani, mto Thua ulipofurika na kusomba mizinga, yeye ndiye aliyetumwa kujitupa majini, kulalia gogo na kuifuata. Hakujua kwamba kuna watu wanaofanya hivyo bila kutafuta kitu. Mgeni mmoja alimwazima ubao wake. Akaanguka mara mbili. Mara ya tatu akasimama hadi mchangani, na kuanzia siku hiyo vinyago vikawa kazi ya kungojea mawimbi.

Alipokwenda nyumbani mwaka 1970 alimwomba baba yake gogo la mukau, mti unaochongewa mizinga kwao, akasema ni la kazi. Kiilu alimchagulia gogo refu lililonyooka, akidhani kijana ameanza kuukumbuka mzinga wake. Mulei alilisafirisha hadi Malindi kwa lori, akalipasua, akachimba kila nusu kwa namna ile ile ya mizinga hadi ukabaki unene wa kidole, akaziunganisha na kuziba mshono kwa utomvu na nta. Ukawa ubao mwepesi wenye tumbo tupu. Siku ya kuumaliza, mkono wake ulichukua patasi na kuchonga kwenye ncha mikato mitatu na mmoja chini yake. Hakukusudia ubaya. Kwao, gogo lililochimbwa halikuondoka mikononi bila alama.

Mwezi wa Agosti mwaka 1971 hoteli hiyo iliandaa mashindano. Walishindana watu kumi na mmoja, tisa kati yao wakiwa wageni kutoka ng'ambo, naye Mulei akawashinda wote. Meneja alimwajiri papo hapo awe bingwa wa hoteli na mwalimu wa wageni. Alimpa ubao mpya ulioagizwa kutoka nje, na ule wa mukau akautundika ukutani mahali pa mapokezi.

"Utauchukua siku utakapoacha kazi," alisema meneja. Mulei akakubali, halikuonekana kuwa jambo kubwa.

Gazeti lilichapisha picha yake akiwa ameusimamisha ubao kando yake. Gazeti hilo lilifika Zombe kama karatasi ya kufungia sukari katika duka la Ng'ang'a, mfanyabiashara aliyehamia hapo kutoka Murang'a.

"Mzee Kiilu," Ng'ang'a aliita, "si huyu ni kijana wako? Na huu si mzinga wako umebanwa ukawa mwembamba?"

Waliokuwa dukani walicheka. Kiilu aliisogeza karatasi karibu na macho, akaiangalia kwa muda mrefu, akaikunja na kuondoka bila sukari.

Mulei alipokuja nyumbani mwaka 1972, akiwa amevaa viatu vyeupe, vijana walimtania njia nzima: "Bingwa wa maji, karibu. Hapa maji tunachimba mchangani kwa kata." Yeye alicheka nao. Baba yake hakucheka.

"Ule mukau niliokupa uko wapi?"

"Uko hotelini, Nau," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. " Umetundikwa mahali pa heshima, kila mgeni anauona."

"Una alama ya nani?"

Mulei aliinama kufuta vumbi kwenye viatu vyake.

"Nilikushika mkono lini, Mulei? Uliiba alama, kisha ukaiacha kwa watu wasioijua. Sikulaani. Lete lile gogo hapa uani. Ukilileta, nitakushika mkono kama nilivyomshika Mutie. Usipolileta, utakuwa mwanangu mezani, lakini katika mizinga sitakujua."

Basi masharti yalikuwa wazi, na hayakuwa mazito. Kuupata ubao kulimtaka aache kazi tu, na hakuna aliyemlazimisha kubaki. Akajiambia kwamba angeacha baada ya kusi moja zaidi. Lakini kila Agosti ilileta mashindano mengine, na mara nne zaidi jina lake lilitangazwa la kwanza. Wageni walisafiri kumtazama. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi na wasiomjua huona baba anaweza kungoja.

Mwaka 1974 meneja alitaka jina la hoteli liandikwe kwenye ule ubao wa ukutani.

"Hapa mbele, kwenye hii mikwaruzo," alisema. "Nani anaweza kupalainisha?"

Mulei alilichukua randa mwenyewe. Aliogopa fundi mwingine angeutoboa ubao. Aliranda taratibu, kwa ustadi, mpaka ncha ikawa laini kama ukucha. Alipokwisha kupuliza vumbi ndipo alipoelewa alichokiondoa. Kisha akamwita mchoraji aje na rangi.

Goti lake lilivunjika mwaka 1983, wimbi lilipomtupa juu ya mwamba. Hoteli haikuwa na haja ya bingwa anayechechemea. Alipewa barua ya shukrani na ubao wake, na mwanzoni mwa mwaka 1984 alipanda basi kurudi kwao, ubao ukiwa umefungwa juu pamoja na magunia.

Alipofika mjini Kitui alikodi chumba kwa siku mbili. Habari zilikwisha kumfikia kwamba Kiilu haoni tena. Uani mwa nyumba ile ya wageni alikwangua jina la hoteli, akaazima patasi kwa seremala wa jirani, akachonga mikato mitatu na mmoja uliolala. Aliipaka chai ya rangi na vumbi ili ionekane kuukuu. Alijisadikisha kwamba anamwepusha mzee na uchungu.

Kiilu alikuwa ameketi mlangoni juu ya kigoda. Mutie alimsaidia Mulei kuulaza ubao magotini pa baba yao. Mzee aliupapasa kuanzia mkiani, polepole, akatabasamu alipoufikia ule mshono wa nta.

"Kazi nzuri," alisema. "Huu umechimbwa na mtu wa nyumba hii."

Kisha vidole vyake vikafika kwenye ncha. Vikapita katika mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu, vikarudi. Akaingiza ukucha ndani ya mkato, akaunusa.

"Hii umeichonga lini?"

"Ni ile ile, Nau."

"Mutie, nimeuliza kama ni ile ile?"

"La, umeuliza lini."

"Ubao uliokaa miaka kumi na minne una mkato wenye midomo laini. Hii bado inakwaruza. Tena hapa mbele pamepungua, pamerandwa. Nani aliranda?"

Mulei angeweza kumtaja meneja.

"Ni mimi."

Mzee aliondoa vidole kwenye ncha.

"Ungeniletea gogo tupu," alisema bila hasira, "ukaniambia, Nau, niliifuta, ningekushika mkono leo hii. Patasi ninayo hapa chini ya kigoda. Niliiweka niliposikia unakuja." Aliusogeza ubao kutoka magotini. "Sasa umeiba mara mbili, na mara hii ulingoja niwe kipofu. Nenda ukale, mama yako amepika."

Mulei alikula. Aliishi katika boma lile mwaka mzima akimwogesha baba yake, akimwongoza kanisani Jumapili, akimsomea Zaburi. Walizungumza mambo mengi, wala Kiilu hakumnyima neno jema. Neno la alama halikutajwa tena. Mzee alifariki mwezi wa Machi mwaka 1985, na mizinga yote ikaandikwa kwa jina la Mutie.

Mulei alianza kuchonga mizinga ya kuuza. Watu walikuja kwake kutoka Tulia hata Kyuso, kwa kuwa mizinga yake ilikuwa myepesi na haikuvuja. Kila mnunuzi alichonga alama ya kwao, na wakati huo Mulei alikwenda kando kunoa shoka.

Mwaka 1991 Mutie alimtembelea karakanani. Naye alikuwa amezeeka.

"Ndugu yangu," alisema, "mzee hayupo. Mimi ndiye mkubwa, na mkono ninao. Chukua patasi tuimalize habari hii. Nani atatuuliza?"

Mulei aliutazama mzinga aliokuwa akiumaliza. Ulikuwa umebaki kuzibwa tu.

"Ungeniita hivi miaka ile nikiwa Malindi, ningekuja mbio," alisema.

"Ulikuwa huji, Mulei. Nilikuita kwa barua tatu."

"Ni kweli. Uliniandikia."

Mutie alingoja, ameinyosha patasi. Mulei aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu makali yake, akamrudishia.

"Huu ni wa Mutindi wa Tulia," alisema. "Anakuja kesho kuuchukua. Nishikie hapa, nitie kifuniko."