Mota ilivyokuwa ikinichania tyubu za gravel bike yangu, hapa Kampala

Saa 12:40 asubuhi, siku ya Jumanne, tairi la nyuma lililala nikiwa katikati ya kilima cha kupandia Mulago.

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala. Haya yamenikuta mwenyewe, na nitayaandika yalivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea.

Mimi ni fundi wa majokofu. Umri umeshapita hamsini. Kiswahili nilikipata kambini, baba alikuwa askari. Naishi Namuwongo, bondeni, na karakana yangu iko juu huko upande wa Mulago. Njia hiyo nimeiendesha kwa baiskeli hii ya gravel, ya barabara za vumbi, miaka mingi, mpaka goti la kulia likagoma. Daktari akasema tambarare sawa, vilima basi.

Sikuwa tayari kuacha. Nikasoma, nikaagiza kit: mota ya habu, inayokaa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, controller ya kuiongoza na betri. Nikaifunga mwenyewe mbele ya mlango.

Siku ya kwanza nilipogusa exeleta ya mkononi chini ya kilima, wakuu, niliacha kukanyaga pedali. Mota nimezishika maisha yangu yote. Najua sumaku na waya wa shaba vinafanya nini. Lakini havikuwahi kunibeba. Baiskeli ilipanda kimya kimya, na goti halikusema kitu. Kileleni nilishuka nikaigusa ile habu. Ilikuwa na joto kidogo tu, kama mkate uliotoka dukani asubuhi.

Siku chache baadaye ndiyo ikaja hiyo Jumanne.

Kwa asiyejua: pancha ya nyuma kwenye baiskeli ya mota si kazi ya kando ya barabara. Kuna waya mnene unaotoka kwenye ekseli, kuna nati kubwa, kuna chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Nikasukuma mpaka juu. Kijana wa boda akanipita taratibu ili anione vizuri.

"Ssebo, mzee wangu, umeme wamekata?"

Abiria wake alicheka mpaka kona.

Nyumbani nikakuta tyubu imechanika kwenye shina la valvu. Nikaweka mpya. Ikachanika palepale. Nyingine, palepale. Nikaamua ni feki, nikaenda Kisenyi kwa Mama Furaha, Mkongomani anayeniuzia spea.

"Papa, tyubu tena? Unazikula na fufu?"

"Zinachanika, mama. Bidhaa zako mbovu."

"Watu wote wa Kisenyi wanatembea na hizo. Mbovu ni zako tu?"

Nikanunua ya nne huku nimenuna. Nayo haikumaliza wiki. Nilifika nyumbani nikichechemea, goti limevimba, na mke wangu akatoa hukumu.

"Baba Akello, ikikulaza njiani mara moja tena, inauzwa. Afande wa jirani ameshaniuliza bei."

Hakuwa anatania. Nami nilijua ikiuzwa, sitaendesha tena.

Jumamosi nikaipindua baiskeli. Nina desturi moja: nikivalisha tairi, maandishi ya kampuni nayaweka sawasawa na valvu. Ukipata tundu kwenye tyubu, unajua mara moja uutafute mwiba sehemu gani ya tairi. Sasa naangalia, maandishi yapo vidole vinne nyuma ya valvu.

Nikadhani nimezeeka, nimesahau. Nikaweka tyubu nyingine, nikalinganisha upya, nikachukua rangi ya kucha ya Akello, binti yangu, nikachora mstari mmoja kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Nikaenda mwisho wa mtaa na kurudi, kila mara nikisimama kabisa na kuondoka kwa exeleta.

Niliporudi mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya rimu hapa, nusu ya tairi kule nyuma.

Hapo ndipo nikaelewa. Nguvu ileile iliyonipandisha kilima ilikuwa inaizungusha rimu ndani ya tairi, kidogo kidogo, bila mlio. Tairi linabaki nyuma na tyubu, lakini valvu imebanwa kwenye tundu lake. Lazima ichanike.

Kosa lilikuwa langu. Sisi wa gravel tunapunguza upepo ili tairi lilale vizuri kwenye marram, ile barabara ya udongo na changarawe, nami nilikuwa natumia PSI 28. Kwa miguu ilitosha. Mota inavuta kwa nguvu zote ukiwa umesimama, na tairi laini haliishiki rimu.

Nikapandisha hadi 50. Nati ya valvu nikaiacha bila kuikaza, ili tairi likihama valvu ilale nione mapema. Na sasa naanza kwa pedali, mota inafuata.

Jumatatu nikapanda Mulago. Mstari mzima. Jioni, mzima. Mke wangu akawa anaukagua kila nikifika. Siku Afande alipopita kuuliza, mke wangu ndiye aliyemjibu, akiwa anaanika nguo: "Hiyo haiuzwi, Afande. Ina rangi ya kucha ya mtoto wangu."

Nilirudi Kisenyi kumwambia Mama Furaha tyubu zake ni nzima. "Basi chukua ya akiba, papa." Nikachukua.

Nilichojifunza: ukibadilisha kinachosukuma, pima upya kila kinachosukumwa. Wenye mota za mbele, au mnaotumia tubeless, tairi zisizo na tyubu, mnafanyaje? Nisahihisheni.

Hasara: tyubu nne, shilingi elfu sitini za Uganda.