Nyumba Niliyoikabidhi Kama Ng'ombe

Siku hizi hapa Mpanda kila aliyepata ajira na mkopo wa benki anataka kuwa mwenye nyumba. Wananifuata mtaa wa Kashaulili ninapokunywa chai, simu mkononi, wananionyesha video ya kijana wa suti akisema vyumba vya kupangisha ni pesa inayoingia ukiwa umelala. Mtu hajawahi hata kuzibua choo cha wapangaji, tayari anajiita mwekezaji. Wakinibana sana niwape ushauri, nawaambia walale tu, wataamka. Wanacheka, wanadhani natania.

Mimi nililala miaka miwili. Na nilikuwa mjinga kuliko wao wote, maana wao wanadanganywa na video, mimi nilijidanganya mwenyewe.

Baba yangu alihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, akaweka boma nje ya mji, upande wa Kabungu. Alipopata kidonda cha sukari mguuni, kikagoma kupona, aliuza ng'ombe wengi, jambo lililomuuma kuliko kidonda chenyewe, tukajenga vyumba sita Shanwe, hapa mjini. Alitaka kitu kimoja tu: chumba cha mbele kibaki chake, ili siku mguu ukizidi ahamie mjini, karibu na hospitali.

"Vitano vyako," aliniambia. "Kile nitunzie."

Sasa ona akili zangu. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi baadhi yao kwa mtu anayemwamini. Yule anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Na ukishakabidhi, huendi kuchungulia. Ukitokea ghafla kwenye zizi lake na kuanza kuhesabu, umemwita mwizi mbele ya watoto wake. Heshima ni kusubiri aje mwenyewe akuambie wamezaa. Basi na mimi nikaikabidhi nyumba hivyohivyo, kwa Msukuma mwenzangu, fundi pikipiki: akae chumba kimoja bure, atafute wapangaji, aniletee kodi. Nikarudi Kabungu kulima. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nimekwenda kuiona. Nikamjibu kwamba hayo si mambo ya jikoni. Ndivyo nilivyokuwa, kichwa kikubwa na ndani hamna kitu.

Kodi ilikuja kila baada ya miezi sita bila kuchelewa, nikazidi kuvimba.

Mvua zilipoanza, mguu wa baba ukaanza kunuka. Daktari akasema kidonda kisafishwe hospitali ya mjini kila baada ya siku moja. Tukampakia kwenye bajaji pamoja na godoro lake. Njia nzima alikuwa mchangamfu, akipanga kitanda atakiweka ukuta upi.

Fundi alitupokea kwa furaha isiyo na hila hata chembe. "Baba, karibu! Njoo uone, imezaa!"

Akatuzungusha nyuma. Palipokuwa na uwanja palisimama vyumba vitatu vipya alivyotujengea kimyakimya, vyote vina watu. Nikamuuliza kuhusu chumba cha mbele. "Hicho nacho hakikai bure," akasema, akitegemea nimsifu. Ndani alikuwa mama mwenye mtoto wa siku tisa, kalipa miezi sita mbele. Sikuwahi kumwambia fundi kuhusu chumba cha baba. Nilimkabidhi nyumba nzima kama mtu anavyokabidhi kundi, na nani anakabidhi kundi huku akisema huyu asizae?

Nikasema mama ahamishwe. Baba akanigeukia. "Umtoe mzazi wa siku tisa kwenye mvua hii?"

Fundi akasema yeye na mkewe na watoto wanne watatoka kwenye chumba chao. Baba akakataa, akasema hawezi kumfukuza mtu kwa kosa la mwanawe yeye. Nikasema basi tutafute gesti. Hapo baba alinitazama kama anavyotazama ng'ombe aliyekonda akiwa mnadani, na sijawahi kuisahau ile sura.

"Mwenye vyumba tisa alale gesti?" akasema. "Nyie, nirudisheni Kabungu."

Najua mtasema mzee alikuwa mkaidi. Alikuwa mkaidi, ndiyo. Lakini ukaidi wake ulikuwa na adabu ndani yake. Mimi nilikuwa na uvivu tu, nikauvika nguo za mila ili upite mbele za watu.

Tulirudi na godoro letu. Mvua zikakolea, barabara ikawa tope, madereva wa bajaji wakawa hawapokei simu zangu. Tulimpeleka kusafishwa kidonda siku zilizowezekana, na nyingi hazikuwezekana. Kila jioni mke wangu alimkanda mguu kwa maji ya chumvi na hakuwahi kunikumbusha alichoniuliza. Ningefurahi angenitukana.

Baba alifariki zikiwa zimebaki siku kumi na mbili mkataba wa yule mama uishe.