Begi Nimelificha, Lakini Omena Imeanikwa Uani

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nina binti mmoja wa miaka mitano, na kwetu ni Nyakach, si mbali na Katito. Baba yake alioa kwingine, sina neno naye. Nilisomea ualimu wa chekechea, cheti tu, kisha nikapata kazi ya kufundisha watoto wadogo Uarabuni. Kila mwaka joto likizidi kule, shule inafungwa miezi miwili na sisi walimu wa kutoka nje tunarudi makwetu. Sasa niko nyumbani kwa mama yangu, anayenilelea mtoto. Jumamosi naondoka. Mtoto hajaambiwa, na hilo ndilo linanizungusha ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka jana mama aliniambia mtoto haagwi, anatumwa dukani, akirudi umeshaenda. Wengi huku tumekuzwa hivyo. Basi nikampa Apiyo (si jina lake) pesa ya mandazi, akaenda na mtoto wa jirani. Alipogeuka nikampungia mkono. Nililia njiani mpaka mtu wa bodaboda akasimamisha pikipiki akaniuliza, "Pole madam, umefiwa?"

Niliporudi likizo hii, Apiyo aliniita Mwalimu, kwa sababu ndivyo kila mtu hapa anavyoniita. "Mwalimu, maji yako ya kuoga iko tayari." Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia chooni. Wiki ya tatu ndipo aliniita mama, siku aliyochomwa na mwiba. Tangu hapo habanduki. Nikienda choo anakaa mlangoni anaimba, na mimi lazima niitikie ili ajue bado niko. Lakini dukani hatumwi na mtu. Ukimtuma, mguu unamuuma.

Nilimuuliza mama yangu. Akacheka.

"Huyo alikataa duka tangu uende. Siku ile alinunua mandazi mbili, akala moja. Yako akaiweka kwa sahani mpaka ikawa jiwe. Mimi ndio nilirushia kuku."

Alisema kama anasimulia kichekesho. Chai yangu sikuimaliza.

Kosa langu ni hili. Kuna siku Apiyo aliniuliza, "Umekuja kukaa?" Nilikuwa nimechoka, nguo ziko kwa karai, nikajibu ndiyo. Tangu siku hiyo najiandaa kwa siri. Begi liko kwa fundi wa nguo, kule sokoni Pap Onditi. Nikinunua sweta za mitumba soko la Kibuye, maana darasani kule mashine ya baridi inakugandisha, nazipitishia kwa huyo fundi kabla sijafika nyumbani. Naenda huko na mfuko umejaa, narudi mikono mitupu, kama mwizi anayeiba vitu vyake mwenyewe.

Begi nililificha vizuri. Omena, dagaa wetu wa ziwani, sikuificha. Mama hawezi kuniacha nisafiri bila omena, na Jumatatu aliianika uani, wavu mzima, kama mwaka jana. Apiyo akasimama hapo.

"Dani, omena hii yote ni ya nani?"

"Ya kuuza, nyathina, mtoto wangu," bibi yake akamjibu.

"Sisi hatuuzi omena."

Hakumwangalia dani yake. Aliniangalia mimi, kisha akaingia ndani. Alitoka amevaa viatu vya kanisani, na tangu siku hiyo anashinda navyo kutwa, hata akilisha kuku. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiitwa niwe tayari."

Nilimwambia mama kwamba safari hii namwambia mtoto ukweli. Yeye alikuwa ameshapanga. "Jumamosi nampeleka Katito sokoni, nimnunulie ribon. Wewe uondoke."

"Mama, atarudi anitafute tena."

"Na ukimwambia hatalia? Hicho kilio utabaki nacho wewe? Mwaka jana alilala na leso yako wiki mbili, chakula hataki. Wewe ulikuwa kwa simu, 'nisalimieni Apiyo.' Usiniletee mambo ya wazungu, mimi ndio nabaki."

Na ni kweli, yeye ndiye anayebaki.

Lakini kinachonikosesha amani ni kwamba kule kazini mimi ndiye nasimama mlangoni kuwaambia wazazi wa watu: usitoroke, muage mtoto, mwambie utarudi saa ngapi, hata akilia. Nasema kwa sauti ya mwalimu, na wananisikiliza. Watoto wa wenyewe nawapokea wameagwa vizuri. Wangu nilimuaga kwa mandazi.

Tafadhali msiniambie niache kazi. Mkataba umebaki mwaka mmoja, tunakula sisi watatu kutokana nayo, na nimeamua kuumaliza. Mama yangu pia msimseme vibaya. Amenilelea mtoto na magoti yake ni mabovu.

Leo asubuhi nilijaribu. Nilimkalisha Apiyo kwenye kiti nikamwambia, "Kuna kitu nataka kukuambia." Akanifunika mdomo kwa mkono wake, unanuka omena. Akasema, "Ngoja kwanza nivae soksi." Akaenda, akarudi na soksi nyeupe, akasimama mbele yangu akaninyooshea mkono nimshike twende.

Nikamwambia tu kwamba amependeza.

Leo ni Alhamisi. Mliowahi kuachwa mkiwa wadogo, na mlioacha watoto mkaenda kutafuta, naomba mnisaidie: mtoto kama huyu, ambaye ameshavaa viatu, anaambiwa kwa maneno gani? Niandikieni kabla ya Jumamosi. Dukani simtumi tena.